Kuku wa karanga: upike wa Zimbabwe au wa Msumbiji?

Kila nikitaja kuku wa karanga naulizwa swali lile lile, upi mzuri zaidi, wa Zimbabwe wanaouita huku ine dovi, yaani kuku mwenye dovi, siagi ya karanga, au wa Msumbiji, ule wa caril de amendoim, mchuzi wa karanga kwa Kireno, na mi jibu langu siku zote ni niambie kwanza una kuku gani na una muda gani wa kukaa jikoni ndo ntakwambia upike upi. Maana watu wengi wanaona ni pishi moja majina mawili, kuku, karanga, nyanya, kitunguu, basi imeisha. Hapana jamani. Wanaachana kwenye karanga yenyewe kabla hata kuku hajaingia sufuriani: Zimbabwe karanga inakaangwa kwanza ndo inasagwa, Msumbiji inatwangwa ikiwa mbichi. Hapo tu ndo vinabadilika vyote vinavyofuata, ladha, rangi, muda wa motoni, kuku wa kutumia, mpaka kama jioni utasonga ugali au utapika wali.

Tuanze na ladha maana ndo watu wanataka kujua. Mchuzi wa dovi ni wa kahawia wenye wekundu wa nyanya kwa mbali, mzito, tonge likipita linatoka limevaa mchuzi wote, na harufu ya karanga za kukaanga unaipata ukiwa bado mlangoni. Ni ladha kubwa, ya wazi, hata mtu asiyejua kupika hawezi kuikosea. Wa Msumbiji umetulia. Rangi yake ni ya krimu, ukiwa na nyanya nyingi unakuwa wa pinki iliyopauka, ni mwepesi kidogo, utamu wa karanga unakuja taratibu nyuma ya nazi, na pilipili unaisikia vizuri kwa sababu hakuna kitu kinachoifunika. Mi moyo wangu uko Msumbiji siku zote, nasema wazi, ila katikati ya wiki napika wa Zimbabwe kwa sababu za muda ntakazoeleza.

Karanga ya kukaanga na karanga mbichi

Kwenye dovi ya kienyeji kabisa karanga zinakaangwa kavu bila mafuta, moto wa wastani, dakika 10 mpaka 15 huku unageuza bila kuacha, ukisugua moja kwenye vidole ngozi inatoka yenyewe na ndani imeacha weupe imekuwa ya krimu, hapo unaepua. Usisubiri ziwe kahawia maana zinaendelea kuiva na joto lake zikiwa nje ya moto. Unazipepeta kwenye ungo ngozi ziondoke halafu unasaga. Kule vijijini wanasaga kwenye jiwe, lile kubwa la chini wanaliita guyo na dogo la mkononi ni huyo, anayesaga anapiga magoti na kusukuma kwenda na kurudi mpaka unga unaanza kung'aa, unashikana, mafuta yanatoka, inakuwa siagi laini bila kuongezwa tone la kitu. Mjini siku hizi unapeleka kwenye mashine ya kusaga karanga au unatumia blenda kavu kwa vipindi vifupi ili isiungue mota. Na dovi kule sio ya kuku tu, wanaitia kwenye uji wa asubuhi, bota, wanaitia kwenye mboga za majani, hata kwenye wali, kwa hiyo nyumba nyingi ipo muda wote, na ndo maana kuku wa dovi kwao sio shughuli kubwa ya kupanga.

Ya dukani je? Inafaa, lakini soma karatasi ya kopo. Iandikwe karanga, au karanga na chumvi, iishie hapo. Zile zenye sukari na mafuta ya kugandishwa zinakupa mchuzi mtamu mtamu unaoteleza mdomoni na mafuta hayapandi juu inavyotakiwa, kwa hiyo huwezi hata kujua kama umeiva.

Mbichi ni habari nyingine. Unamwagia karanga maji ya moto, dakika chache, unasugua ngozi zinatoka, unazikausha kidogo halafu kwenye kinu unatwanga na kuchekecha, kinachobaki unarudisha kinuni, mpaka upate unga mweupe laini. Masokoni kule Maputo unakuta umeshatwangwa tayari unauzwa. Ukiwa na blenda, saga karanga zilizomenywa na maji mpaka yawe maziwa mazito, mwenye kutaka mchuzi laini anachuja, mi sichuji maana zile chembe chembe nazipenda. Kazi ya mikono ni nyingi kuliko kufungua kopo, hilo halina ubishi, ila kwa bei karanga mbichi za kupima ndo nafuu kila mahali nilipowahi kununua.

Karanga asili yake ni Amerika Kusini, zililetwa huku na Wareno kuanzia karne ya 16, kabla ya hapo watu wa kusini walikuwa na njugu mawe zao ambazo Wazimbabwe wanaziita nyimo na mpaka leo wanachemsha na kula. Mahindi, nyanya na pilipili navyo vimetoka huko huko Amerika, na bado sahani ya sadza, ugali wa Zimbabwe, na kuku wa dovi ni chakula cha nyumbani kuliko chochote. Na kwa tulioko Tanzania hatuna haja ya kutafuta karanga za mbali, Dodoma, Singida, Tabora na Shinyanga zipo. Kongwa penyewe Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga mwaka 1947 ukawashinda, 1951 ukafungwa, halafu kuanzia 1964 eneo lile lile likawa na kambi za wapigania uhuru wa kusini, FRELIMO ya Msumbiji, ZAPU ya Zimbabwe, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na MPLA ya Angola. Yaani watu wa pishi hizi mbili walishaishi jirani kwenye ardhi ya karanga.

Sasa hapa naomba usikilize vizuri, uwe unapika upi. Karanga zenye ukungu zina sumukuvu na moto wa jikoni hauiondoi, sio kukaanga, sio kuchemsha masaa mawili. Inaharibu ini. Mwaka 2016 watu walifariki Dodoma na Manyara kwa sumu hii hii iliyokuwa kwenye mahindi. Kwa hiyo chambua karanga moja moja kwenye sinia, iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyovunjika yenye vumbi la kijani au jeusi, tupa, na ukitafuna ukakuta chungu usimeze. Ndo sababu mi kwa pishi la Msumbiji nanunua karanga nzima natwanga mwenyewe, unga uliokwisha kutwangwa huwezi kujua ulitwangwa na nini ndani. Kwa siagi ya karanga nayo ni hivo hivo, kama sio ya mtu unayemwamini, tengeneza yako.

Kuku

Zimbabwe kuku wa kienyeji anaitwa roadrunner na wenyewe watakwambia dovi bila yeye ni kujaza tumbo tu. Nakubaliana nao nusu. Kienyeji ana nyama ngumu yenye ladha, supu yake ina nguvu ya kusimama na karanga za kukaanga bila kumezwa. Ila anataka saa moja na nusu mpaka mbili za kuchemka, jogoo mzee anaweza kwenda zaidi. Kwa presha kuka inashuka kwenye dakika 35, 40 hivi. Broila aliyechinjwa wiki ya tano au ya sita anaiva dakika 35 sufuria ya kawaida, na ukimpitiliza anachambuka unabaki na mifupa inaogelea.

Na hapo ndo penye mtego ambao sioni watu wakiuzungumzia. Karanga ya kukaanga imeshaiva, kazi yake sufuriani ni dakika 15 au 20 tu, kwa hiyo inaingia mwisho na haijali kuku wako ni yupi. Karanga mbichi inataka dakika 40 za kuchemka taratibu, na zaidi ukiweza, la sivyo unabaki na ule ubichi kooni. Sasa ukimtumbukiza broila na karanga mbichi kwa pamoja, karanga ikiiva broila ameshakwisha. Kama una broila na umeng'ang'ania wa Msumbiji basi karanga itangulie motoni yenyewe, kuku aingie ikiwa katikati. Kama una kienyeji mchemshe kwanza pembeni mpaka alainike, supu yake ndo uchanganyie karanga, usimwache achemke masaa mawili ndani ya karanga maana chini itashika na itaungua, na karanga iliyoungua hairekebishiki, hata uhamishe sufuria harufu inakufuata.

Wa Zimbabwe unavyokwenda

Kuku wa kilo moja na nusu, vitunguu viwili vikubwa, nyanya nne zilizoiva, kitunguu saumu punje tatu, pilipili kama unakula, siagi ya karanga gramu 150 mpaka 200, yaani vijiko vya kulia kumi hivi na kidogo juu. Viungo vingine achana navyo. Mjini wapo wanaotia binzari kijiko kimoja cha chai, sio dhambi, lakini ukianza kumwaga iliki na mdalasini umeshatoka Zimbabwe.

Kienyeji chemsha na chumvi na maji ya kumfunika mpaka uma uingie. Chota supu pembeni vikombe vitatu. Iliyobaki acha ikauke kabisa sufuriani, na hapa usiondoke, sikiliza, ile sauti ya kuchemka inabadilika inakuwa ya kukaangika, ni mafuta ya kuku mwenyewe yametoka, unamgeuza vipande vishike rangi. Hii hatua Wazimbabwe hawaruki na mi sioni kwa nini mtu aruke, ndo inayotofautisha mchuzi na supu yenye karanga. Broila huna haja ya kumchemsha, mkaange moja kwa moja na mafuta kidogo. Weka kitunguu, saumu, pilipili, kikilainika nyanya, ziivie mpaka zipotee.

Siagi ya karanga usiitupe sufuriani ikiwa donge. Iweke kwenye bakuli, mimina supu ya moto kikombe kimoja, koroga mpaka iwe laini bila vidonge, ndo umimine, halafu ongeza supu iliyobaki. Moto mdogo. Ndani ya dakika kumi mchuzi unaanza kutoa mapovu mazito makubwa yanayopasuka na kurusha, kwa hiyo funika nusu na koroga mpaka chini. Unasubiri mafuta. Yanaanza pembeni kwenye ukingo wa sufuria, mstari mwembamba wa rangi ya chungwa, halafu yanatambaa kuja katikati, yakishatawanyika juu onja chumvi uepue. Kabla mafuta hayajatoka mchuzi bado, hata kama njaa inauma.

Kabla ya kupakua, chota mchuzi kama robo au nusu, weka kwenye sufuria ndogo, tia mchicha au spinachi au sukuma iliyokatwa nyembamba na kuchemshwa kidogo, dakika tano. Hiyo ndo mboga ya pembeni, na kwangu wageni huwa wanaimaliza kabla ya kuku. Pishi la Msumbiji halikupi hii mboga kirahisi hivi, ni pointi ya Zimbabwe kabisa.

Wa Msumbiji unavyokwenda

Kuku yule yule, kitunguu kikubwa kimoja, nyanya tatu, saumu, unga wa karanga mbichi gramu 250, maji au supu lita moja na zaidi ya kuongeza, na nazi moja. Nazi sio lazima. Wapo wanaopika bila nazi kabisa na wanakula vizuri, lakini Inhambane, mkoa wa pwani kule Msumbiji, kuna minazi ya kutosha na ukishaonja yenye tui ni vigumu kurudi. Kuna na wanaoweka kaa au kamba badala ya kuku, mchuzi ni huo huo.

Kaanga kitunguu bila kukiachia rangi, nyanya, saumu. Changanya unga wa karanga na maji ya baridi kwenye bakuli kubwa, mimina, na kuanzia hapo mkono usitoke kwenye mwiko mpaka ichemke mara ya kwanza. Itapanda kama maziwa. Povu jeupe linaumuka ghafla na likimwagika kwenye jiko ni kazi ya jioni nzima kusafisha, kwa hiyo chagua sufuria kubwa mara mbili ya unayoona inatosha na usifunike. Ikishachemka shusha moto. Povu litaanza kuisha lenyewe baada ya dakika 20 hivi, mchuzi unakaza, rangi inatoka kwenye weupe wa chokaa inakuwa krimu, harufu ile ya majani mabichi inaondoka. Ukionja na ukahisi bado kuna kitu kinakwaruza kooni, povu likishaisha funika nusu uendelee, ongeza maji ya moto ikikaza sana.

Tui jepesi unalitia pamoja na kuku katikati ya safari, tui zito mwisho kabisa, moto mdogo sana, koroga, lisikatike. Chumvi weka mwishoni. Pilipili wenzetu wanaiweka pembeni kwenye kisahani, kila mtu na kiasi chake, na kwenye mchuzi huu huo ndo utaratibu mzuri maana watoto wanakula bila kulia.

Kwa watu wa Mtwara na Lindi pishi hili sio geni sana, Wamakonde wako pande zote mbili za Ruvuma, na kisamvu cha karanga na nazi tunakijua toka utoto. Ukishaweza kisamvu hicho, huyu kuku anakufaa, mkono tayari unajua karanga na tui vinavyofanya motoni.

Ugali au wali

Dovi na ugali. Sadza ni ugali wa mahindi meupe uliosongwa vizuri, na uzito wa mchuzi ule unataka kitu cha kushika. Ukila na wali inakuwa nzito juu ya nzito, unashiba vijiko vitano. Mchuzi wa Msumbiji ni wa wali, unapenya kwenye punje, ukiuweka kwenye ugali unakimbia kwenye sahani. Wenyewe wanakula hata na ugali wao wa xima, lakini ukiniuliza mi nitapika wali mweupe bila hata nazi, nazi ishakuwepo kwenye mchuzi.

Kuna ndugu zao wengine pia, Angola wana muamba de ginguba, karanga pamoja na mawese na bamia, wanakula na funge, ugali wao, na hiyo ni nzito kuliko zote nilizotaja. Mwenye mawese mazuri, mfano ndugu zetu wa Kigoma, Burundi na Kongo, anaweza kuijaribu bila gharama. Zambia na Malawi wanatia karanga za kutwanga zaidi kwenye majani, kuku anakuja mara moja moja.

Kwa hiyo wewe upike upi

Umerudi kazini saa kumi na mbili, una broila kwenye friji na kopo la siagi ya karanga: Zimbabwe, saa moja na dakika chache mnakula. Una kienyeji wa Singida au wa kijijini kwenu na siku nzima ni yako: bado nasema Zimbabwe, kwa sababu kuku huyo anastahili kukaangwa na mafuta yake mwenyewe na karanga ya kukaanga ndo inamjibu. Una broila na Jumapili asubuhi iko wazi, nazi ipo, kinu kipo au blenda: Msumbiji bila kufikiri, maana broila hana ladha yake kubwa na mchuzi ule unampa. Wageni wengi na hela ndogo, Msumbiji, unaongezeka maji na karanga mbichi bila kuharibika, dovi ukiiongeza maji inakuwa haina maana. Wazee wasiopenda mafuta mengi juu ya sahani, Msumbiji bila nazi. Mtu mwenye mzio wa karanga asipikiwe wowote, na usimpakulie hata kwa mwiko uliopita humo, wengine inawabana pumzi kwa dakika chache, uliza wageni kabla hujawasha jiko.

Anayetaka kuchanganya, siagi ya karanga ya kukaanga pamoja na tui la nazi, wapo wengi wanafanya. Inalika. Lakini karanga iliyokaangwa inalifunika tui lote, unakuwa umekuna nazi bure, kama umeamua kukuna nazi basi twanga na karanga mbichi ufike nayo mwisho.

Kiporo, dovi inashinda. Usiku inakaza mpaka inakuwa donge kwenye friji, asubuhi unatia maji ya moto kidogo, moto mdogo, inafunguka na ladha imezama kwenye nyama. Yenye tui ipashe taratibu isichemke kwa nguvu, na imalizwe siku hiyo hiyo ya pili.